Dirisha na Shuka: Studio ya Picha za Sura Nyumbani

Picha ya sura ni kumbukumbu ambayo mara nyingi haiwezi kupatikana mara ya pili. Mzee akishafariki, jamaa hutafuta picha yake, na aghalabu inayoonekana ni ile iliyopigwa uani saa sita mchana: macho yamezama gizani, paji la uso linang'aa, na sura yenyewe haitambulikani vizuri. Lawama hutupiwa kamera. Mara nyingi kosa ni la mwanga, nao waweza kutawaliwa katika chumba cha kawaida bila ya kununua taa yoyote.

Jua lina kipenyo cha kilomita zipatazo milioni 1.4, lakini kwa ajili ya umbali wake huonekana kama kiduara cha nusu digrii tu. Chanzo cha mwanga kinachoonekana kidogo hutoa vivuli vikali. Kinachoonekana kikubwa hutoa vivuli laini, kwa kuwa miale yake huufikia uso kutoka pande nyingi. Kwa hiyo dirisha la upana wa mita moja, likiwa mita moja kutoka usoni, ni taa pana kuliko jua kwa mbali sana.

Dirisha lifaalo ni lile lisilopigwa na jua moja kwa moja. Dar es Salaam iko digrii 7 hivi kusini ya Ikweta; mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na dirisha la kusini hubaki kivulini. Desemba mambo hugeuka. Palipo na dirisha moja tu, shuka jeupe jepesi likitundikwa juu yake huutawanya mwanga. Shuka la rangi halifai, maana huipaka ngozi rangi yake. Taa ya chumbani nayo izimwe kwa sababu hiyo hiyo.

Anayepigwa picha huketi ubavu kwa dirisha, uso ukigeuzwa kidogo kulielekea. Upande wa pili husimamishwa kitambaa cheupe ili kirudishe mwanga. Kikisogezwa karibu, kivuli hupungua. Kikiondolewa, mikunjo ya uso huonekana zaidi, na kwa sura ya mzee huenda hilo likapendeza. Kamera iwe umbali wa mita moja na nusu au zaidi, kwani ikiwa karibu mno pua huonekana kubwa kupita kiasi.

Nyuma hutundikwa kitambaa. Hayati Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe.

Uchaguzi wa kitambaa hicho si pambo tu. Kipimamwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Hukadiria kwamba mandhari yote, kwa wastani, ni ya kijivu. Mtu mweusi akisimamishwa mbele ya ukuta mweupe, kamera huona mwanga umezidi, huupunguza, na uso hugeuka kuwa kivuli kitupu. Hata maabara za filamu za rangi kwa miaka mingi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi ikapata hasara. Basi pazia liwe la rangi iliyokoza kiasi, na mwanga upimwe usoni penyewe: mwenye kipimamwanga akisogeze karibu na shavu, mwenye simu aguse uso kwenye kioo chake kabla ya kupiga. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli, na dirisha pana hutandaza mng'ao huo shavuni badala ya kuuacha kama doa. Iwapo doa bado lipo, shuka liongezwe kukunjwa mara mbili, kisha mwanga upimwe upya.