Rangi ya Kwanza katika Utengenezaji wa Viigizo vya Darasani

Kila muhula wa mazoezi ya kufundisha huonekana viigizo vilivyotengenezwa kwa bidii kubwa, navyo huharibika kabla mada haijamalizika. Mlima hubanduka rangi mfano wa ganda la kiazi, maandishi ya gazeti hujitokeza katikati ya ziwa, na watoto huacha somo wakaanza kusoma habari za mpira. Mara nyingi lawama hutupiwa rangi kwamba ni duni, au gundi kwamba ilikuwa nyepesi. Sisi twaona kwamba kasoro hiyo hutokana zaidi na kupuuzwa kwa rangi ya kwanza, ile ambayo mafundi wa mjini huiita praima, ambayo hupakwa kabla ya rangi yenyewe.

Tuchukue kiigizo cha Mlima Meru, kwa kuwa ndicho kinachotakiwa zaidi katika shule za huku kwetu. Mtoto wa Sokon I huuona mlima huo upande wa kaskazini kila siku isiyo na mawingu, na kwa macho yake ni pia iliyokamilika. Hajui kwamba ubavu wa mashariki uliporomoka zamani, ukaacha shimo kubwa lililo wazi, na kwamba ndani yake mna kilima cha majivu. Mambo hayo hayaonekani kutoka uwanja wa shule yake. Atayajua kwa kiigizo tu. Kwa hiyo kiigizo kikifutika sura, somo nalo limefutika.

Tukitumia ramani ya skeli ya 1:50,000, kutoka katikati ya Arusha mpaka kileleni, umbali wa kilomita 15 hivi, ni kama sentimita 30 mezani. Kilele kina mita 4,562 juu ya usawa wa bahari na mji uko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo mlima mzima utainuka sentimita 6 na kidogo tu juu ya mji. Katika kimo hicho, milimita moja ni mita 50 za mlima. Anayepaka rangi nzito mara tatu au nne ili kufunika gazeti, huku rangi ikikusanyika mabondeni, huzika korongo zima bila kujua. Rangi ya kwanza iliyo nyepesi huondoa haja hiyo.

Kazi zake ni tatu. Kwanza huziba vinyweleo. Karatasi zilizorowekwa na kupondwa, baada ya kukauka, hunywa maji kama sifongo. Rangi ikipakwa moja kwa moja, sehemu inayonywa sana hupauka na inayonywa kidogo hung'aa, na mlima ukawa na mabaka yasiyo na maana yoyote ya kijiografia. Pili, hushika pande zote mbili: hung'ang'ania karatasi au ubao kwa chini, na kwa juu huacha uso wenye ukwaruzo kidogo ili rangi ifuatayo ipate pa kujishika. Tatu, huleta usawa wa rangi, ili kijani cha msitu kiwe kijani kile kile juu ya gazeti, juu ya boksi na juu ya ubao.

Jambo hili si geni. Wachoraji wa Italia wa karne za kati walipaka mbao zao mchanganyiko wa chokaa au jasi na gundi ya ngozi kabla ya kuchora. Hapa nchini, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya ubao laini wa kiwandani. Na katika uchoraji wa mtindo wake, uwanja mzima hupakwa rangi kwanza, ndipo mnyama au ndege akachorwa juu yake.

Si lazima kununua praima ya dukani. Kwa karatasi na boksi, rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa kwa maji kidogo yatosha. Ikikosekana, yachanganywe gundi nyeupe ya seremala kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, na unga wa chaki vikombe viwili, vikorogwe mpaka viwe kama uji mwepesi. Chaki isagwe ikiwa na unyevu, kwani vumbi lake halifai kifuani. Ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha boksi: ikipasuka baada ya kukauka, imezidi chaki, ikiteleza kama kioo, imezidi gundi. Anayetaka sura ya kilima cha majivu achuje mchanga laini wa mlima wenyewe aunyunyize kabla uji haujakauka.

Mbao zina matatizo yake. Vipande vya paini vinavyopatikana kwenye viwanda vya mbao kandokando ya Meru vina vifundo vitoavyo utomvu, nao hupenya rangi na kuacha madoa ya kahawia. Vifundo vizibwe kwa vanishi ya sheliki kwanza. Vifuniko vya plastiki vipigwe msasa mpaka vipoteze mng'ao, la sivyo hakuna rangi itakayodumu. Boksi jeupe jepesi la kufungashia redio lisipakwe kamwe rangi ya mafuta wala tapentaini, maana huyeyuka. Lifunikwe kwanza kwa gundi na karatasi. Na ikumbukwe kwamba rangi ya mafuta huweza kukaa juu ya rangi ya maji iliyokauka, lakini rangi ya maji juu ya mafuta hubanduka.

Lipo pia suala la afya. Rangi nyingine za mafuta, hasa za zamani, zina risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi sehemu 90 katika milioni. Makopo ya zamani yasiyo na maandishi yasitumiwe kwa kitu kitakachoshikwa na watoto, hata yakitolewa bure.

Tahadhari moja ni ya kilele. Weupe wa rangi ya kwanza ukiachwa wazi hapo, mtoto atasema Meru ina barafu ya kudumu kama Kilimanjaro, jambo lisilo kweli. Kipakwe kijivu.

Kwa wanafunzi wasioona, ambao walimu wao hufunzwa katika chuo cha Patandi, Tengeru, rangi ya juu haina kazi kubwa, bali rangi ya kwanza ndiyo watakayoigusa. Iwe nyembamba, msasa upitishwe taratibu, na mchanga uwekwe palipo na majivu pekee, ili vidole viweze kulitambua pengo la mashariki.

Kukauka huchukua siku moja wakati wa kiangazi. Juni na Julai, baridi na ukungu vikizidi, ni siku mbili au tatu. Ukucha ukikwaruza pembeni na hakuna kinachotoka, rangi ya pili ianze.