Mdomo wa Kasuku Hutunzwa kwa Chakula, Si kwa Kisu

Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alipostaafu na kurudi kijijini, aliwaachia majirani zake kasuku. Watoto wa nyumba ile walifurahi mno, maana ndege yule alijua kupiga mluzi, tena aliitikia "Karibu!" kila alipobisha mgeni. Lakini wiki ya pili mama wa nyumba aliona kwamba kasuku anaangusha chakula. Mdomo wake wa juu ulikuwa umerefuka na kujikunja hadi kukaribia koo. Baba akaleta koleo la kukatia waya. "Mshikeni vizuri," aliwaambia watoto, "ni kama kukata kucha tu."

Kwa bahati nzuri, siku hiyo alikuwa amefika daktari wa mifugo, kijana, aliyeitwa kumtibu ng'ombe wa jirani. "Shikamoo mzee," alisema, "naomba kwanza uweke koleo hilo chini. Ndege huyu anakula nini?" Mama akajibu, "Alizeti na karanga, mwanangu. Mwalimu alituambia ndicho chakula chake, na kweli hataki kingine." Kijana akatikisa kichwa. "Basi mama, ugonjwa haukuanzia mdomoni. Umeanzia kwenye bakuli la chakula."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo somo letu la mwezi huu. Wengi hupokea kasuku kama zawadi au urithi, pamoja na tundu lake na mazoea yake mabaya ya chakula. Tuone basi jinsi ya kumtunza, na jinsi ya kulinda afya ya watu wanaoishi naye.

KABLA HUJAMPOKEA

Hapa tunamzungumzia hasa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kupitia Kongo na Uganda hadi magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ndege hawa wamepungua sana kwa sababu ya kutegwa na kuuzwa. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi zilizotia sahihi mkataba wa CITES zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaokamatwa porini, na uamuzi huo ulianza kutumika mwaka 2017.

Kwa hiyo usinunue kasuku aliyetoka kutegwa, hata ukimwonea huruma. Ukimnunua mmoja, mtegaji hurudi kutafuta mwingine. Kumfuga kasuku huyu kunahitaji kibali. Nchini Kenya kibali hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mahali pengine, uliza kwanza ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe. Kumbuka pia kwamba kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Anayempokea leo huenda akamwachia wajukuu.

MDOMO WA KASUKU NI KITU GANI?

Mdomo wa kasuku si kucha. Ndani una mfupa, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Juu yake kuna ganda gumu la keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha zetu na kwato za ng'ombe. Ndiyo maana anayeukata kwa koleo au kisu anaweza kukata mshipa, ndege akavuja damu nyingi na kuumia vibaya, au mdomo ukapasuka usirudi tena katika umbo lake. Kasuku wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 500 tu, hivyo damu inayoonekana kidogo machoni petu ni hasara kubwa kwake.

Ganda hilo huota maisha yote, nalo hulika kwa kutafuna, kubangua na kusugua. Kwa kasuku, mdomo ni kijiko, ni nyundo, tena ni mguu wa tatu wa kupandia. Mdomo wenye afya ni laini, umenyooka katikati, na wa juu unaufunika wa chini bila kupinda upande. Vigamba vyembamba vinavyobanduka kidogo visikutie hofu. Vivyo hivyo sauti ya kusaga mdomo jioni, kwani ndivyo afanyavyo kasuku aliyetulia anapojiandaa kulala.

Kasuku wa kijivu hutoa pia unga mweupe kwenye manyoya yake, na unga huo huufanya mdomo wake mweusi uonekane umefifia. Ukiona mdomo umekuwa mweusi wa kung'aa kama uliopakwa mafuta, na manyoya yanaota vibaya au kunyonyoka, mpeleke kwa daktari, maana upo ugonjwa wa virusi unaoshambulia mdomo na manyoya.

KWA NINI MDOMO HUREFUKA KUPITA KIASI?

Sababu ni kadhaa. Ndege anaweza kuwa hana kitu cha kutafuna. Pengine aliumia zamani, na mdomo ukaota upande. Kwa kasuku wale wadogo wa kufugwa, wadudu wa jamii ya utitiri huchimba ganda la mdomo na kulifanya liwe na matundu kama sponji. Wadudu hao wana dawa kwa daktari wa mifugo.

Lakini sababu ambayo wengi hawaifikirii ni ini. Mbegu za alizeti na karanga zina mafuta mengi, zina madini ya chokaa kidogo, na karibu hazina vitamini A. Kasuku wa porini huruka masafa marefu kutafuta chakula, hivyo mafuta humpa nguvu. Kasuku wa tunduni hakai kazini. Mafuta hujazana katika ini, na ini likidhoofika mdomo na kucha huota haraka na vibaya. Ukiupunguza mdomo bila kubadilisha chakula, utarefuka tena, na ini litazidi kuharibika.

Upungufu wa vitamini A nao una madhara yake. Wazazi wanajua habari za matone ya vitamini A wanayopewa watoto kliniki. Kasuku naye akiikosa, ngozi laini ya ndani ya mdomo na pua hukauka na kuwa nene, madoa meupe hutokea mdomoni, pua hutoa kamasi, na vijidudu hupata njia. Madini ya chokaa yakipungua, kasuku wa kijivu hasa huweza kutetemeka, kuanguka kutoka kwenye kijiti chake na kupatwa na degedege.

CHAKULA KINACHOMFAA

Habari njema ni kwamba chakula chake kinapatikana sokoni na shambani.

1. Mboga na vyakula vya rangi, kila siku: karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, pilipili hoho, sukuma wiki, mchicha. Badilisha mboga usitegemee mchicha peke yake, kwa kuwa una asidi inayozuia mwili kutumia madini ya chokaa.

2. Nafaka na kunde zilizopikwa bila chumvi wala mafuta: mahindi, wali, mtama, dengu, choroko, maharage. Maharage yachemshwe mpaka yaive kabisa. Mabichi yana sumu.

3. Matunda kidogo: papai, embe, pera, kipande cha ndizi. Tofaa litolewe mbegu. Mahali penye michikichi, mpe mara mojamoja tunda moja la mchikichi. Porini kasuku wa kijivu hulipenda sana, na nyama yake nyekundu imejaa kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A.

4. Madini ya chokaa: mfupa mweupe mwepesi wa ngisi, ule unaookotwa ufukoni, ufungwe kwenye tundu. Anaweza pia kupewa kipande kidogo cha yai lililochemshwa sana, mara moja au mbili kwa wiki.

5. Alizeti na karanga ziwe zawadi, punje chache kwa siku. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani sumu yake huharibu ini la ndege kama inavyoharibu la binadamu.

Katika miji mikubwa huuzwa chakula maalumu cha kasuku cha punje zilizotengenezwa. Ni kizuri kikiwa msingi wa mlo, lakini mboga ziendelee. Maji yabadilishwe kila siku. Chakula chenye unyevu kiondolewe baada ya saa mbili, maana kwenye joto huchacha upesi. Kila siku apate pia jua la asubuhi akiwa na kivuli karibu cha kujificha. Jua la kupitia kwenye kioo cha dirisha halitoshi kumpa vitamini D.

VITU VYA HATARI

Parachichi ni sumu kwa kasuku, hata kipande kidogo. Chokoleti, kahawa, chai, pombe, chumvi nyingi na vyakula vya kukaanga visimfikie. Usimlishe kutoka kinywani mwako, kwa kuwa mate ya binadamu yana vijidudu vinavyomdhuru.

Asikae jikoni. Moshi wa mkaa na wa sigara huumiza mapafu yake. Kikaango chenye utando wa kuzuia chakula kisigande, kikipata moto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kumuua ndege kwa dakika chache. Chunguza pia tundu. Rangi ya zamani yenye risasi na waya wenye zinki humtia sumu anapoutafuna.

MBADILISHE POLEPOLE

Usimwondolee alizeti kwa siku moja. Kasuku asiyejua kwamba karoti ni chakula anaweza kukaa na njaa mbele ya bakuli lililojaa. Asubuhi, akiwa na njaa, mpe kwanza mboga zilizokatwa vipande vidogo na kuchanganywa na mbegu kidogo, kisha kila wiki punguza mbegu. Kula mbele yake chakula kile kile, kwani kasuku huiga.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila asubuhi. Ndege wa gramu 450 akipungua gramu 45, yaani sehemu moja ya kumi, mrudishie chakula alichozoea na umwone daktari. Kwa wengine badiliko hili huchukua miezi. Usikate tamaa.

UPE MDOMO KAZI

Mpe vijiti vya mpera au mchungwa visivyopulizwa dawa, vya unene mbalimbali, asimame juu yake na kuvitafuna. Mpe gunzi la mahindi, kifuu cha nazi, kipande cha mbao kisicho na rangi. Usimpe matawi ya mparachichi, mnyaa wala oleanda. Mtoe tunduni kila siku chini ya uangalizi, apande na kuzungukazunguka. Kasuku asiye na kazi hunyonyoa manyoya yake mwenyewe.

Mdomo uliokwisha kurefuka upunguzwe na daktari kwa kusuguliwa kidogo kidogo. Ukipasuka na kutoa damu nyumbani, bonyeza taratibu kwa kitambaa safi bila kuziba pua, mweke mahali penye joto na utulivu, na umpeleke siku hiyo hiyo.

AFYA YA WATU NYUMBANI

Kasuku anaweza kuwa na ugonjwa unaoitwa homa ya kasuku, unaoambukiza binadamu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka na ute wa pua. Mwaka 1929 na 1930 uliwapata watu wa nchi nyingi kutokana na biashara ya kasuku. Mtu huanza kuona homa, maumivu ya kichwa na misuli, na kikohozi kikavu, mara nyingi siku 5 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Siku hizi dawa za kuutibu zipo, lakini ni lazima umwambie mganga kwamba nyumbani mna kasuku, la sivyo atafikiria malaria au homa ya mapafu ya kawaida.

Ndege mgeni akaguliwe na daktari mapema. Lowesha kinyesi kwa maji kabla ya kukisafisha, wala usikifagie kikiwa kikavu. Nawa mikono kwa sabuni. Mama mjamzito na wazee wasipewe kazi ya kusafisha tundu. Mtoto akiumwa na kasuku, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni.

USICHELEWE

Ndege huficha ugonjwa. Mpeleke haraka ukiona amejikunyata na kutunisha manyoya mchana kutwa, anapumua huku mkia ukipanda na kushuka, hali chakula, kinyesi kimebadilika, au mdomo umeanza kupinda.

Na yule kasuku wa mwalimu? Daktari aliusugua mdomo wake mara mbili, huku mama akipambana na bakuli. Kwa wiki tano ndege aliitupa karoti chini. Wiki ya sita mtoto wa mwisho alikaa mbele ya tundu akila papai, na kasuku akanyoosha shingo kuomba. Sasa anakula mboga kuliko baadhi ya watoto wa nyumba ile, na mama hasiti kuwakumbusha hilo mezani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukipokea kasuku, anza na bakuli lake leo, na koleo la waya libaki kwenye sanduku la vyombo.