Jogoo mkali hatulizwi kwa fimbo

MTOTO anapotumwa bandani kuokota mayai na kurudi mbio akilia, damu ikimchuruzika mguuni, kinachotafutwa kwanza katika maboma mengi ni fimbo. Jogoo huchapwa na kufukuzwa hadi nyuma ya ghala. Kesho yake huwa mkali zaidi.

Jogoo huyo anawalinda mitetea wake. Ukali wenyewe huanza anapokaribia kukomaa, mara nyingi akiwa wa miezi 4 hadi 6, wakati homoni za kiume zinapoongezeka mwilini. Machoni pake, anayempiga teke ni jogoo mwenziwe aliyekubali vita, naye anayetoroka amekwisha kushindwa. Kwa hivyo teke na mbio humfunza jambo lile lile: arudie.

La ajabu ni kwamba baadhi ya majogoo walio wakali kupindukia ni wale waliobebwa na kuchezewa na watoto wangali vifaranga. Hao hukua bila kumwogopa binadamu, na wakikomaa humwona kuwa mshindani.

Kabla ya kushambulia, jogoo hushusha ubawa mmoja, akatembea kiupandeupande, manyoya ya shingo yakasimama. Pengine hudonoadonoa ardhi pasipo na punje hata moja. Anayeziona dalili hizo na asimame imara bila kumpa mgongo, hadi jogoo aende zake. Akiruka, ndoo au karai lililoshikwa mbele ya miguu hutosha kuwa ngao.

Baadaye akamatwe, ikiwezekana usiku akiwa amelala, kwani huwa mtulivu. Asubuhi abebwe kwapani, mbawa zikiwa zimebanwa, mpaka aache kufurukuta; ndipo ateremshwe polepole. Hili hufanywa kila siku kwa majuma kadhaa, na ni kazi ya mtu mzima. Ncha ya kipi nayo yaweza kupunguzwa kwa tupa. Ncha tu, kwa sababu ndani ya kipi mna mfupa na damu.

Idadi pia ina uzito. Jogoo mmoja hutosha mitetea 10 hivi. Majogoo wawili katika kundi dogo hushinda wakipigana na kuwachubua mitetea migongo.

Jeraha la kipi huonekana dogo ilhali limezama. Lioshwe kwa sabuni na maji mengi, na aliyeumia apelekwe zahanati aulizie chanjo ya pepopunda. Likiwa karibu na jicho, aharakishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wapo majogoo wasiobadilika hata baada ya haya yote. Kumuuzia jirani jogoo wa aina hiyo awe wa mbegu ni kumhamishia hatari, tena ukali huweza kurithiwa na vifaranga. Huyo ni wa chungu, na mpishi atenge kuni za kutosha, maana nyama ya jogoo aliyekomaa haiivi upesi.