VPN ya bure ya kwenye grupu ilivyonifungia duka siku 7

Wadau, hii imenikuta mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa natafuta VPN, mtu akatupia faili la .apk kwenye grupu la WhatsApp, eti ya bure na haina matangazo. Nikaiweka. Ikaomba ruhusa ya kusoma SMS, nikabonyeza Ruhusu bila hata kusoma.

Siku ya tatu WhatsApp ya duka ikanitoa nje. Kumbe kuna mtu anawaandikia wateja wangu watume advansi ya mzigo kwenye namba nyingine. Wawili walituma. Hela yao nimeilipa mimi.

Aliingiaje? Ukifungua WhatsApp kwenye simu mpya, inatuma namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 kwa SMS. Apu inayosoma SMS zako inaiona na kumpelekea mwizi. Na mimi sikuwa nimeweka PIN ya hatua mbili, kwa hiyo hakuna kilichomzuia. Akaweka ya kwake!

Sasa jiulize, VPN inataka SMS za nini? Kazi yake ni kupitisha data tu. Ikiomba ruhusa ya Ufikivu ndiyo mbaya zaidi, maana hapo inaweza kusoma kila kilicho kwenye kioo na kubonyeza badala yako.

Wengine wananiambia ningetumia Tor. Tor ni kitu kizuri na ni bure kweli. Inapitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta 3 za watu wanaojitolea, ili tovuti isijue umetokea wapi. Ila inaficha njia, haifichi kilichomo ndani ya simu. Mwizi akishakaa humo anasoma meseji zako hapo hapo, Tor iwepo isiwepo.

Na Tor yenyewe inaghushiwa. Mwaka 2022 Kaspersky walieleza Tor Browser bandia iliyosambazwa kwa linki ya chaneli moja ya YouTube ya Kichina. Ilikuwa inakusanya historia ya kurasa anazotembelea mtumiaji, yaani kile kile alichotaka kuficha. Ya kweli iko torproject.org, na ya Android ipo Play Store. Halafu ukiingia akaunti ya duka kwa Tor, inaonekana umeingilia nchi nyingine, unaweza kufungiwa mpaka ujithibitishe. Kwa kuuza vitenge sioni kama unaihitaji.

Wa Tanzania, kumbukeni pia Oktoba 2023 TCRA walitangaza watumiaji wa VPN wajisajili.

Ikikukuta, toa laini, weka kwenye simu nyingine safi, ndipo uombe namba ya uthibitisho upya. Ukifanya kwenye simu ile ile, ile apu itaisoma tena. Ukishaingiza namba hiyo mwizi anatolewa hapo hapo, ila kama ameweka PIN yake utasubiri siku 7. Hizo siku wapigie wateja kwa sauti yako, waambie wasitume hela. Mimi nilianza kupiga siku ya pili, ndiyo maana wakawa wawili.

PIN inawekwa kwenye Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Dakika moja tu.