Baridi yabisi haitoki kwenye kiyoyozi

Katika nyumba zetu za Muscat, Dubai na Doha, mtu akisema vidole havikunjiki asubuhi, jibu lipo tayari: ni kiyoyozi. Punguza baridi, acha kuoga usiku, jipake mafuta ya karafuu. Lawama imo ndani ya jina lenyewe. Baridi yabisi, yaani baridi kavu, ni jina la utabibu wa zamani uliogawa maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Utabibu ule umepita, jina tumebaki nalo, na watu wanapoteza miezi wakipigana na kiyoyozi.

Jina hilo kwetu linabeba magonjwa mengi, hata magoti yaliyochakaa kwa umri. Tunayoizungumzia hapa ni ile madaktari wanayoiita rumatoidi athraitisi, na mkosaji wake ni kinga ya mwili. Askari waliowekwa kulinda nyumba wanaigeukia nyumba yenyewe na kuvamia utando wa ndani wa viungo. Kiungo kinavimba, kinapata moto, na kisipotibiwa mfupa unaliwa kidogo kidogo. Baridi inaweza kumzidishia mtu maumivu, lakini haileti ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi nao, na asilimia 70 hivi ni wanawake.

Dalili yake haifanani na uchovu wa kazi. Mara nyingi inashika mikono yote miwili, vidole na vifundo, na ugumu wa asubuhi unapita nusu saa, wakati mwingine saa nzima na zaidi. Mama anashindwa kukanda unga wa chapati, kukamata mbuzi ya nazi, kumfunga mtoto vifungo vya shati la shule. Kusujudu kunakuwa mtihani. Halafu mchana anachangamka, basi wanaomwona wanasema alikuwa anadeka tu. Hali hiyo ikipita wiki chache, asiishie kwa kuchuliwa. Amwone daktari wa viungo, apimwe damu, maana dawa zikianza mapema ndipo viungo vinaokoka.

Dawa ya kwanza kwa wengi ni methotrexate. Ndugu msomaji, hii inamezwa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa, si kila siku. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kimakosa, kwa hiyo kama mzazi wako nyumbani anaitumia, mpigie simu uhakikishe. Mwanamke anayetaka ujauzito azungumze na daktari wake kabla, kwani inadhuru mimba. Steroidi nazo zinatuliza haraka sana, na hapo ndipo mtego ulipo: zikitumiwa muda mrefu bila uangalizi zinalegeza mifupa na kupandisha sukari. Zipo hata dawa zinazouzwa kama za asili zilizokutwa zimechanganywa steroidi. Eti mitishamba.

Sasa njoo kwenye pesa. Katika Taasisi ya Kennedy huko Hammersmith, magharibi mwa London, watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini walikuwa wakifuatilia protini moja, TNF, waliyoamini ndiyo inayochochea moto wa viungo. Mwaka 1992 wagonjwa wa kwanza walipewa dawa ya kuizuia katika hospitali ya Charing Cross. Jaribio lililochapishwa 1994 lilikuwa na wagonjwa 73. Kati ya 24 waliopewa dozi kubwa, 19 walipata nafuu ndani ya wiki nne. Kati ya 24 waliopewa dawa isiyo na kitu, ni wawili tu. Sindano nyingi wanazodungwa wagonjwa leo zimetoka kwenye mlango huo.

Na taasisi ile haikusimama kwa pesa za kampuni kubwa. Mfadhili wake mkuu alikuwa shirika la hisani lililoanzishwa 1936, ambalo leo linaitwa Versus Arthritis: pesa za waliokimbia mbio, walioacha kitu kwenye wasia, na wengi wasiojulikana majina.

Sisi tukiitana kuchanga, tunachanga. Harusi, msiba, tiketi ya mgonjwa kwenda India. Utafiti hauna grupu lake la WhatsApp, na sababu inaeleweka: mgonjwa tunamjua, maabara hatuijui. Lakini utafiti wa vinasaba hadi leo umewapima zaidi watu wenye asili ya Ulaya, na kwetu Afrika Mashariki madaktari bingwa wa ugonjwa huu wanahesabika. Tena lipo linalotuhusu sisi hasa: dawa za kuzuia TNF zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Aliyekulia kwenye kifua kikuu kingi amwambie daktari hivyo kabla ya sindano ya kwanza, apimwe.

Anayetaka kuchanga aangalie yuko wapi. Oman na Imarati, kukusanya michango ya watu bila kibali cha serikali ni kosa la kisheria, hata kama nia ni njema na grupu ni la watu wa mtaa mmoja. Pitia shirika lenye kibali. Walioko Uingereza watafute jina la shirika kwenye daftari la Charity Commission, kisha wajaze fomu ya Gift Aid kama wanalipa kodi: kila pauni moja, serikali inaongeza peni 25. Zaka ina watu wake wanane, hilo muulize shekhe. Sadaka mlango wake ni mpana zaidi. Na mgonjwa asiye na pesa ana mchango mwingine, kumuuliza daktari wake kama kuna utafiti unaotafuta washiriki.