Kampuni Zikimezana, Mteja Asome Mkataba

Juma hili redioni nilizungumzia jambo linaloonekana kuwa la Marekani na Ulaya, lakini linafika hadi mezani kwa mhasibu hapa Namanyere: kampuni za programu za kompyuta kununuana.

Mwezi Juni 2003, PeopleSoft ya Marekani, iliyotengeneza programu za mishahara na utumishi, ilitangaza kuinunua J.D. Edwards. Siku chache baadaye mpinzani wao, Oracle, ikatangaza kuinunua PeopleSoft yenyewe, tena bila ridhaa yake. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuzuia, ikashindwa mwaka 2004. Januari 2005 Oracle ikakamilisha ununuzi kwa dola bilioni 10.3, na wafanyakazi wapatao 5,000 wakapunguzwa.

Je, ushindani ulikufa? Hasha! Mwezi huohuo SAP ya Ujerumani ilinunua kampuni ndogo, TomorrowNow, ili iwahudumie wateja wa PeopleSoft kwa bei nafuu na kuwavutia kwake. Mwaka 2007 Oracle ikashitaki, ikidai programu zake zimenakiliwa. TomorrowNow ikafungwa mwaka 2008.

Hapo ndipo penye kiini. Anayenunua kampuni ya namna hii ananunua wateja wake. Mnunuzi wa mahindi akitupunja, tunamtafuta mwingine. Lakini ofisi yenye kumbukumbu za miaka kumi ndani ya programu moja haihami kirahisi: kumbukumbu zihamishwe, wahasibu wafundishwe upya. Washindani wakipungua na ada ya mwaka ikapanda, mteja hulipa huku akinung'unika.

Nasi yametugusa. Hazina yetu ilianza na programu ya Platinum mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni hiyo ikajiita Epicor mwaka 1999, na baadaye halmashauri nazo zikaitumia programu yake. Epicor iliuzwa mwaka 2011, tena 2016, tena 2020, na mauzo hayo yalipangwa mbali kabisa na Ufipa. Serikali baadaye ikajenga mfumo wake wa malipo, MUSE, kwa kutumia wataalamu wa nyumbani. Wataalamu hao nao hugharimu fedha kuwatunza, lakini ufunguo uko mikononi mwetu.

Kwa hiyo ushirika, hospitali au shule inayotaka kununua programu iulize kabla ya kutia sahihi: kampuni hii ikiuzwa, bei itakuwa ipi? Nani atatuhudumia? Na kumbukumbu zetu tutaweza kuondoka nazo? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo haimfungi mmiliki mpya.