Jiko linapoingia wanakolala watoto: Somo kutoka kwenye hema la turubai

Nje ni nyuzi joto 30 chini ya sifuri. Mto umeganda, theluji imefika magotini na jua limezama tangu alasiri. Ndani ya hema la turubai, watoto wamevua makoti, soksi zao zinakauka kwenye kamba na sufuria ya supu inachemka juu ya jiko la kuni.

Ndivyo jioni zinavyokuwa katika kambi za uwindaji na uvuvi za kaskazini mwa Kanada na jimbo la Alaska nchini Marekani. Familia hukaa huko siku kadhaa, wakati mwingine wiki nzima, ndani ya nyumba ya kitambaa yenye moto ndani yake.

Kwa mzazi wa Njombe, Makete au Limuru, picha hiyo inaweza kumshangaza. Inaweza pia kumpa moyo wa kufanya jambo la hatari. Msimu wa baridi, Juni na Julai, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, kisha wakalala na watoto wao. Baadhi hawaamki.

Kwa nini basi moto ndani ya hema huiacha familia salama, na mkaa ndani ya nyumba ya matofali unaua? Tofauti kubwa ni mbili: bomba la moshi na njia ya hewa.

Hema lenye kuta

Hema hili si kama yale madogo ya nailoni ambayo mtu huingia akiwa ameinama. Lina kuta zilizosimama wima na paa la pande mbili kama la nyumba, na mtu mzima anasimama katikati bila shida. Kwa kawaida hushonwa kwa turubai zito la pamba. Turubai la pamba hupitisha hewa kidogo na haliyeyuki cheche inapolidondokea kama nailoni, ingawa nalo huungua.

Si jambo jipya. Wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, kati ya 1896 na 1899, maelfu ya watu waliingia eneo la Yukon wakiwa na hema la turubai na jiko dogo la bati kwenye mizigo yao. Hadi leo, jamii za wenyeji wa asili kama Wadene hutumia mahema hayo, wakitandika sakafuni matawi ya miti jamii ya msonobari kukinga baridi ya ardhi.

Linavyosimamishwa

Kazi huanza kwa kuchagua mahali tambarare, mbali na miti iliyokauka inayoweza kuanguka. Theluji hukanyagwa hadi iwe ngumu au huondolewa kabisa. Nguzo husimamishwa, mti mrefu unaobeba paa hulazwa juu yake kutoka mbele hadi nyuma, turubai hutandazwa, kisha kamba za pembeni hukazwa kwenye vigingi hadi kitambaa kisilegee.

Turubai jipya lina siri yake. Hulowanishwa na kuachwa likauke kabla ya safari ya kwanza, ili nyuzi za pamba zivimbe na kuziba vitundu vya sindano. Baada ya safari halikunjwi likiwa bichi, kwa sababu litaota ukungu.

Jiko nalo jipya huwashwa kwanza nje, ili rangi na mafuta ya kiwandani yaungue huko na si mbele ya watoto.

Ndani ya hema, jiko husimama imara juu ya ardhi iliyosafishwa au mkeka usioshika moto, mbali na ukuta, matandiko na nguo. Bomba hutoka kupitia tundu lililozungushiwa kitambaa maalumu kisichoshika moto, kwa sababu turubai likigusana na bomba la moto litaungua. Nje, bomba hupanda hadi kupita kilele cha paa ili moshi uvutwe vizuri na upepo usiurudishe ndani. Juu yake huwekwa wavu wa kuzuia cheche.

Hatua ambayo mgeni huisahau ni ya hewa. Jiko huvuta hewa kutoka ndani ya hema. Hema likifungwa kabisa, moto hukosa hewa na moshi unaweza kurudi ndani. Kwa hiyo huachwa upenyo chini na mwingine juu, hata kama baridi ni kali. Wengi wenye uzoefu huacha moto uzime kabla ya kulala, wakategemea mablanketi na mifuko mizito ya kulalia. Wengine humwacha mtu mzima mmoja macho. Kifaa cha betri kinachopiga kengele gesi yenye sumu inapoongezeka huning'inizwa humo humo.

Gesi isiyo na harufu

Gesi hiyo ni kaboni monoksidi. Hutokea kuni, mkaa au mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye mapafu, hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Hapo ndipo mkaa unapodanganya. Kuni zikifuka, macho huwasha na mtu hutoka nje. Mkaa uliokolea hauna moshi, hivyo mzazi huamini kuwa hauna madhara, wakati ndio unatoa gesi hiyo kwa wingi. Jiko la mkaa halina bomba, na kila kinachotoka humo hubaki chumbani. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kuitoa. Ndiyo maana Uingereza na Marekani wapiga kambi huonywa wasiingize jiko la kuchomea nyama hemani, hata likionekana limezimika.

Dalili ambazo mzazi asizipuuze

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Ni rahisi kudhani ni malaria au mafua. Ishara ya kutilia shaka ni pale watu kadhaa wa nyumba moja wanapougua kwa wakati mmoja, au wanapopata nafuu wakitoka nje.

Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo anaweza kuathirika mapema. Mama mjamzito naye yuko hatarini pamoja na mtoto aliye tumboni.

Ukihisi hali hiyo, watoe watu wote nje kwanza. Fungua milango, toa jiko, kisha wawahishe hospitali na mweleze mhudumu kwamba mlilala na moto chumbani. Maziwa hayaondoi gesi hii kwenye damu. Tiba ni oksijeni: kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza gesi hiyo kwa nusu, na kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi.

Hatari nyingine ni kuungua. Penye jiko na watoto, uwekwe uzio au mtu mzima akae karibu. Mtoto akiungua, jeraha lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno isipakwe.

Kwa familia isiyo na jiko lenye bomba, njia salama ni kuota moto jioni mahali pa wazi na jiko kubaki nje wakati wa kulala. Mtoto avishwe soksi, kofia na nguo mbili tatu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa ipashe joto kitanda kabla hajapanda, kisha iondolewe.